Kutoka Mashariki: Hija ya Miguu, Mumias hadi Namugongo

Mei 22. Mumias hadi Nambale

Misa ya kututuma ilisomwa alfajiri, na kabla jua halijachomoza tulikuwa tayari barabarani kuelekea Namugongo, Uganda, walikochomwa wengi wa Mashahidi wa Uganda mwaka 1886, msalaba mbele, pikipiki ya mizigo na maji nyuma. Kundi letu ni watu wa jumuiya ndogondogo, wengi wetu akina mama, vijana wachache, na Mzee mmoja Mwanglikana aliyemwomba Katekista ruhusa ya kutembea nasi. Hakuna aliyemuuliza sababu. Aliieleza mwenyewe jioni, tukiwa tumenyoosha miguu kwenye sakafu ya darasa tulilopewa kulala.

Mumias yetu, alisema, katika maandishi ya wasafiri wa karne ya 19 inaitwa Kwa Sundu, kwa jina la Nabongo (mfalme wa Wawanga) Shiundu, babake Mumia. Hapo ndipo Askofu Mwanglikana James Hannington alipotua Oktoba 1885 baada ya kutembea tangu Julai kutoka pwani, kupitia nchi ya Wamaasai. Sehemu kubwa ya wapagazi wake aliiacha pale chini ya William Jones, Mwafrika aliyekombolewa utumwani, aliyewekewa mikono ya ushemasi mwaka huo huo. Mwenyewe akachukua watu wapatao 50 akaelekea Busoga. Hakurudi. Mzee wetu anataka kuitembea njia hiyo angali na nguvu.

Mimi nilikuja kwa sababu nyingine. Tangu mume wangu apatwe na kiharusi, upande wake wa kulia haumtii na maneno yanamtoka kwa kazi kubwa. Nimekuwa mkono wake, nimekuwa mdomo wake, na shamba halijui kwamba nyumbani kuna mgonjwa. Wifi yangu amekuja kukaa naye ili nipate kwenda. Walionisindikiza waliniambia nikaombe muujiza. Muujiza nitauomba, ila kuna ombi lililo karibu zaidi na moyo wangu, nalo limo katika Waraka wa Yakobo: "mtu wa kwenu akipungukiwa na hekima, na aombe dua kwa Mungu." Nataka nijulishwe lipi nilibebe na lipi nimwachie mwingine anisaidie.

Mei 23. Busia

Tumevuka mpaka kwa vitambulisho vyetu tu, bila usumbufu wowote. Foleni ya malori ilianza mbali sana upande wa Kenya, na madereva walitupungia mkono. Mmoja alishuka akatupa katoni ya maji, akasema tumtajie mama yake mbele ya Mashahidi. Katekista aliliandika jina la mama huyo kwenye daftari la nia. Daftari linajaa kuliko tulivyotarajia. Kila tunapopumzika anakuja mtu na ombi: ada, mimba inayoharibika, kijana aliyepotelea mjini, kesi ya ardhi.

Mei 24. Njia ya Bugiri

Mvua na matope. Barabara kuu ni nyembamba kwa watembeao, na lori likipita upepo wake unakuyumbisha. Tulisali Rozari kwa mstari mmoja, mafungu kumi kwa Kiswahili, kumi kwa Kiluhya, kumi kwa Kiteso. Wenye malengelenge walianza kuchechemea mchana. Dada muuguzi tuliye naye ana sheria asizozilegeza: usipasue lengelenge kwa mwiba, soksi kavu kila kituo, mafuta ya mgando kati ya vidole, na anayeumia aseme mapema. Mama mmoja alikuwa ameficha kidonda kwa kuona kwamba kukisema ni kukosa imani. Muuguzi alimpandisha kwenye pikipiki papo hapo. Mama akalia. Akaambiwa, "Mama, kesho utatembea kwa sababu leo umepanda."

Nimeliandika neno hilo hapa kwa sababu nimekuwa nikilitafuta. Kwetu tumezoea kumsifu mtu kwa kuvumilia kimya hadi aanguke, hata mazishini tunamsifu hivyo: "hakuwahi kulalamika." Nadhani tumewapoteza wengi kwa sifa hiyo.

Mei 25. Bugiri

Tumelala Naluwerere, kituo cha malori, mahali pasipolala. Wenyeji wa parokia walituletea uji, viazi vitamu na maji ya moto ya kuogea. Maji ya moto! Wazee wao walitusalimu "Mukodheyo" mmoja mmoja hadi mtu wa mwisho.

Usiku wa tarehe hii mwaka 1886, huko Munyonyo kando ya Ziwa, Karoli Lwanga, mlezi wao, aliwabatiza vijana wanne wa ikulu: Kizito, Mbaga Tuzinde, Gyavira na Mugagga. Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alikuwa amekasirika mno, na kila mmoja wao alijua kuwa kesho yake kutakuwa na hukumu. Kizito alikuwa na umri wa miaka 14 hivi. Katekista alitusimulia haya tukiwa gizani, umeme umekatika. Kisha akatukumbusha jambo ambalo sisi wasema Kiswahili tunapaswa kulithamini: vijana wale walianza kusoma Injili kwa Kiswahili, kabla maandiko ya Kiganda hayajapatikana. Alexander Mackay, mmisionari Mwanglikana aliyefika Buganda mwaka 1878, alifundisha kwa lugha hii tunayosali nayo. Wamisionari Wakatoliki, Padre Lourdel na Bruda Amans, walifika mwaka uliofuata, Februari 1879, wakapata watu ambao tayari wana kiu ya kusoma.

Mei 26. Iganga

Mapumziko. Kufua, kushona viatu, maungamo.

Nilipiga simu nyumbani. Wifi aliniambia mgonjwa amekula vizuri, ila jana jioni alikuwa na hasira, alirusha kikombe. Akamsogezea simu. Nilisikia pumzi yake, kisha neno moja: "Wapi?" Nikamwambia Iganga. Kimya kirefu. Halafu: "Mbali."

Leo ndiyo tarehe waliyohukumiwa. Mwanga aliwataka walio wasomaji, yaani Wakristo, wasimame upande mmoja, nao wakasimama. Mara nyingi tunahubiriwa hapo, penye ujasiri wa kusimama, na ni haki. Lakini Lwanga alikuwa amefanya kazi ya miezi kabla ya siku hiyo. Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyewalea vijana wale kabla yake, alikatwa kichwa tarehe 15 Novemba 1885 baada ya kumkemea Kabaka kwa kuuawa kwa Hannington. Tangu hapo Lwanga ndiye aliyewachunga wadogo, akawafundisha, akatafuta namna ya kuwaepusha na matakwa maovu ya mfalme bila kuwatia hatarini pasipo sababu. Hakukimbilia kifo. Aliwatunza wenzake kwa akili muda wote alioweza, na ilipobaki njia moja akaitembea pamoja nao.

Mei 27. Musita

Hapa barabara ya Mayuge inachepuka kuelekea kusini. Huko, Kyando, ndiko Hannington alikouawa. Mzee alituomba tusimame kidogo njia panda, na Katekista akakubali ingawa jua lilikuwa limeshapanda. Wauza mananasi walitupisha kivulini.

Mzee hakuhubiri. Alisimulia tu. Askofu alichagua njia ya mashariki kwa sababu ilikuwa fupi na yenye afya kuliko ile ya Bagamoyo inayozunguka kusini mwa Ziwa. Hakujua kwamba kwa Waganda upande ule ulikuwa wa kuogopwa, kwamba ilisemwa watakaoiteka nchi watatokea Busoga. Wamisionari waliokuwa Buganda walijua hatari hiyo, lakini habari zao hazikumfikia kwa wakati. Tarehe 21 Oktoba alikamatwa na watu wa chifu Luba, akafungiwa ndani ya kibanda, mgonjwa, mchovu, akilindwa mchana na usiku, akingoja wajumbe warudi kutoka kwa Mwanga. Siku zote hizo aliandika shajara. Ya mwisho ni ya tarehe 29 Oktoba. Aliandika kwamba hana habari yoyote, lakini Zaburi ya 30 imemtegemeza kwa nguvu kubwa. Siku hiyo hiyo walimtoa nje wakamuua kwa mikuki pamoja na karibu watu wake wote. Wanne ndio walionusurika.

Hao wapagazi, aliongeza Mzee, walikuwa watu wetu, watu wa pwani na bara, na majina yao wengi hatuyajui. Tuliwaombea kwa kimya. Kisha msichana mdogo kuliko wote kundini akasoma Zaburi yenyewe hadi mahali pasemapo, "Huenda kilio huja kukaa usiku, lakini asubuhi huwa furaha."

Nimeusikia mstari huo maishani mwangu kwenye matanga yasiyo na idadi. Leo niliusikia upya, kwa kuwa aliyeushika mara ya mwisho hakuiona asubuhi hiyo kwa macho ya mwili. Aliushika hivyo hivyo, katika homa, akiwa hajui kinachoamuliwa. Mimi pia sijui kinachoamuliwa kuhusu mume wangu. Daktari anasema tusubiri. Mazoezi, dawa ya presha, subira.

Mei 28. Jinja

Tumepita Kakira katikati ya miwa, tukaingia Bugembe, ambako Kanisa la Anglikana lina kanisa kuu lake la Busoga. Mzee alikaribishwa hapo kama ndugu, nasi pamoja naye. Wakatupikia matoke na karanga. Tulikula Wakatoliki na Waanglikana bakuli moja, na mwenyeji mmoja alitukumbusha kwamba mashahidi wanaohesabiwa ni 45: Wakatoliki 22, Waanglikana 23, na moto haukuwauliza dhehebu. Papa Paulo VI alipowatangaza watakatifu wale 22, tarehe 18 Oktoba 1964, aliwataja pia hao wengine waliokufa kwa jina hilohilo la Kristo.

Jioni tuliuona mto ukitoka Ziwani. Sina la kuongeza. Tuliimba tu.

Mei 29. Msitu wa Mabira

Baada ya Nile barabara inaingia msituni. Miti mirefu pande zote, kivuli, baridi kidogo, nyani pembeni. Tulitembea kimya kwa amri ya Katekista, kila mtu na nia yake, hadi soko la Najjembe ambako wauzaji walitukimbilia na mishikaki na ndizi za kuchoma.

Katika kimya hicho nilimkasirikia Mungu. Naliandika wazi, maana ndivyo ilivyokuwa. Nilimwambia kwamba mume wangu alikuwa mtu mwema, aliyejenga kigango chetu kwa mikono yake, na mkono huohuo ndio uliokufa. Nilimwambia nimechoka kuamka usiku kumgeuza. Niliyasema yote, tena nikayarudia, hadi yakaisha. Zaburi zina maneno makali kuliko yangu, na Kanisa linazisali kila siku, kwa hiyo sioni kwamba nilitenda dhambi. Nilipomaliza nilikuwa bado natembea. Ndilo jibu lililokuwepo leo.

Mei 30. Lugazi

Mtu mzima kabisa, Matia Mulumba Kalemba, alikatwa viungo kwenye kilima ambacho leo ni Old Kampala na kuachwa pale peke yake. Alikaa hai tangu tarehe 27 hadi 30 Mei. Aliwahi kuwa Mwislamu, akasoma kwa Waprotestanti, akabatizwa Mkatoliki, alikuwa na mke na watoto na cheo. Katika mashahidi wote huyu ndiye ninayemwendea nikiwa na shida ya nyumbani.

Miguu imevimba. Zamu yangu ya kupanda pikipiki ilifika nami nikapanda.

Mei 31. Mukono

Mukono kuna Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, kilichotokana na chuo cha theolojia cha Askofu Tucker. Wanafunzi walikuwa wamepanga ndoo za maji getini kwa ajili ya mahujaji, na walikuwa wakiwaosha miguu wageni. Kijana aliyeosha yangu hakunitazama usoni, kwa heshima. Alikuwa na umri wa mwanangu wa kwanza.

Tarehe ya leo ndiyo ya Noe Mawaggali, mfinyanzi wa Mityana, aliyeuawa mwaka 1886. Alikuwa na dada, Munaku. Kaka yake alipokamatwa naye alijitokeza akataka auawe pamoja naye, kwa kuwa dini yao ni moja. Wauaji walikataa. Walimchukua mateka, na baadaye wamisionari wakamkomboa. Akaishi miaka mingi katika useja na utumishi. Yeye hayumo katika wale 22. Hakuna moto uliomgusa.

Nimemfikiria Munaku mchana kutwa. Alikuwa tayari kwa siku moja kubwa, akapewa maelfu ya siku ndogo: kuteka maji, kufundisha watoto sala, kuamka, kuzeeka. Wengi wetu tumepewa fungu la Munaku, na hatuhubiriwi juu yake vya kutosha. Paulo anawaandikia Warumi kwamba "dhiki, kazi yake ni kuleta saburi, na kazi ya saburi ni uthabiti wa moyo." Anasema kazi, na kazi huchukua muda. Nilipompigia wifi jioni nilimwambia jambo nililokuwa nimelikataa tangu mwaka uliopita: kwamba nakubali ombi lake la kumpokea kaka yake kwao kila mwezi kwa juma moja, nipumzike. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Wifi, nilidhani hutaniamini kamwe."

Juni 1. Namugongo

Kupitia Kireka na Kyaliwajjala, barabara imefurika. Watu kutoka Mbarara, Kabale, Kitgum, Lira, Rwanda, Congo, Tanzania. Kundi kutoka Bukoba lilikuwa likiimba kwa Kiswahili mbele yetu, tukaungana nao bila kuulizana majina. Kanisa kuu limejengwa kwa umbo la nyumba ya Kiganda, na altare yake iko mahali Lwanga alipochomwa. Tulipofika wengi walipiga magoti, wengine wakalala kifudifudi. Mzee alisimama wima, kofia mkononi, midomo ikitetemeka.

Alikwenda kwanza Nakiyanja, kwenye madhabahu ya Waanglikana, nami nikamsindikiza. Kule pia nyasi zilikuwa zimejaa watu na mikeka. Na si Wakristo peke yao waliomwaga damu Namugongo. Waislamu wa ikulu waliuawa hapa kwa ajili ya imani yao miaka ya 1870, enzi za Kabaka Mutesa, babake Mwanga. Ni haki kuwataja.

Juni 2. Kungoja

Mvua usiku wote. Tulijifunika maturubai tukakesha tukisali. Chini ya turubai letu Katekista alisimulia kile ambacho, kwangu, ndicho kiini cha habari yote. Vijana walifikishwa Namugongo na hawakuuawa mara moja. Walifungwa pingu na makongwa, wakawekwa kungoja takriban juma zima huku kuni na matete yakikusanywa. Waliona mzigo baada ya mzigo ukiletwa. Mbaga Tuzinde alikuwa wa ukoo wa Mukaajanga, mkuu wa wauaji. Ndugu walimwendea wakambembeleza akane, au akubali tu afichwe. Kila siku alikuwa na nafasi ya kwenda zake. Kila siku alikataa, na wenzake wakasali pamoja naye asubuhi na jioni.

Moto wenyewe haukudumu siku nzima. Juma lile ndilo naliogopa, na ndilo ninalolijua. Nyumbani kwetu kuni zinakusanywa kila siku: deni la hospitali, usiku wa kumgeuza mgonjwa, jirani anayeshauri nimrudishe kwao nianze maisha upya. Waliweza vipi? Kwa ninavyosikia, hawakungoja kila mtu peke yake. Walisali kwa saa zilezile, wakatiana moyo kwa majina. Mkubwa alimwangalia mdogo. Lwanga alimwahidi Kizito kwamba saa ikifika atamshika mkono.

Mama aliyeficha kidonda njiani alikuwa amelala, kichwa kwenye paja langu. Muuguzi alipita na tochi akikagua miguu.

Juni 3. Sikukuu

Jua lilitoka. Maaskofu, mapadre wengi nisioweza kuwakadiria, altare katikati ya maji, kwaya iliyotikisa kifua. Injili ilisomwa. Wakati wa matoleo Katekista alipeleka daftari la nia, kurasa zote zimejaa hadi kwenye jalada, jina la mama wa dereva likiwa mwanzoni. Mzee alikaa nasi Misa yote. Wakati wa amani alikumbatiwa na watu wa nchi nne.

Nilimwombea mume wangu apone. Nililiomba kwa sauti, kwa jina lake kamili, bila kulipunguza. Nikaomba pia, ikiwa kupona kutachelewa, tusikosane tukiwa katika kungoja.

Kesho wenzetu wanarudi kwa basi moja kwa moja hadi Busia. Mzee na mimi tumekubaliana na Katekista tushuke Musita, tupande taksi ya Mayuge, tufike Kyando alikofungiwa Askofu. Mzee atasoma Zaburi ya 30, nami nitawaombea Jones na wale waliobaki naye Mumias. Walikaa wakingoja habari, na zilipofika waligeuka wakatembea hadi Rabai, karibu na Mombasa, wakaingia Februari 1886 nyuma ya bendera ya buluu iliyoandikwa "Ikabodi," neno la Biblia la kuomboleza kwamba utukufu umeondoka. Nimemwambia wifi nitachelewa kwa siku moja. Amesema niende, nyumbani kuna mtu.